Nina vitabu vitatu vya Kijapani na vyote vimenishinda

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 24, naishi Chang'ombe hapa Dodoma na nauza spea za magari kwenye duka la mjomba wangu. Nimeishia kidato cha nne. Kiingereza nilipata C. Nasoma na naelewa, ila aya ikiwa ndefu narudia mara mbili tatu ndipo nishike kinachosemwa.

Mzigo wetu karibu wote ni wa magari ya Kijapani. Boksi zina maandishi ya Kijapani, stika za kwenye kifuniko cha mafuta ni Kijapani, hata gari likiwashwa kuna sauti ya mwanamke inasema "kaado ga soonyuu sarete imasen". Wateja wananiuliza huyo dada anasemaje, nabaki kucheka. Mjomba anazijua spea kwa namba na kwa umbo na anaona inatosha. Mimi nataka kusoma. Tena natamani siku moja niwe naagiza magari mwenyewe, nikiletewa ile karatasi ya mnada kutoka Japani, inayoeleza hali ya gari, niisome bila kumtegemea dalali.

Tatizo langu ni kitabu. Jirani yetu alinirushia kwenye simu Minna no Nihongo. Nimekifungua, mwanzo hadi mwisho ni Kijapani kitupu, hakuna hata mstari wa kunielekeza. Nikakifunga. Cha pili ni Genki. Rafiki yangu anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, anacho na yuko tayari kuniuzia. Ni kizuri, kina picha, lakini maelezo ya Kiingereza ni marefu na mazoezi mengi yanataka ufanye na mwenzako. Mwenzangu nani hapa dukani? Cha tatu ni kijitabu cha maneno ya Kijapani kwa herufi hizi zetu za kawaida, nilikitoa kopi steshenari. Hicho nakisoma bila shida na nimeshashika maneno mengi, lakini rafiki yangu anasema napoteza muda kwa sababu bado siwezi kusoma boksi hata moja.

Halafu kwenye kundi moja la WhatsApp kuna mtu anauza "pakeji", yaani kitabu pamoja na kuunganishwa na kazi Japani. Bei yake ni akiba yangu yote.

Naomba uniambie ninunue kipi. Na kama kwa Kiingereza changu hiki ni bora niache, niambie pia. Mjomba anasema Kijapani cha nini hapa Dodoma.

Usitaje jina langu.

Muuza spea, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu,

Usinunue chochote kwa sasa. Kitabu kinachokufaa hakimo kati ya hivyo vitatu, na unakipata bure. Kinaitwa Irodori. Kimeandaliwa na Japan Foundation, taasisi ya umma ya Japani inayosimamia ufundishaji wa Kijapani nje ya nchi yao, na tangu 2020 kimewekwa kwenye tovuti yao, kurasa pamoja na sauti, ukichukua somo mojamoja. Kina ngazi tatu: ya kuanzia kabisa, kisha mbili za msingi. Wewe chukua ile ya kwanza tu, na katika hiyo chukua somo la kwanza tu. Faili la kitabu kizima kwenye simu linakatisha tamaa kabla hujaanza.

Nikueleze kwa nini hivyo ulivyonavyo vimekushinda, maana naona umeanza kudhani kasoro ni yako.

Minna no Nihongo kilitoka 1998 na mpaka leo ni miongoni mwa vitabu vinavyofundishiwa sana duniani. Ila kimetungwa kwa ajili ya darasa. Kitabu kikuu ni Kijapani kitupu kwa makusudi, kwa sababu mwalimu yuko mbele ya wanafunzi anaonyesha, anaigiza, anauliza. Maelezo ya sarufi na tafsiri ya maneno yamo kwenye kitabu kingine kinachouzwa peke yake, kwa Kiingereza na lugha nyingine kadhaa. Jirani alikurushia nusu ya kitabu, na hata ungepata nusu ya pili bado angekosekana mtu ambaye waandishi walimhesabu kuwa yupo. Siku ukipata mwalimu, kitoe. Kwa mtu mwenye mwalimu mzuri sioni cha kukizidi, kwa sababu kinarudia kila muundo mpaka mdomo unazoea.

Genki nakipenda na ningekipendekeza haraka kwa rafiki yako. Kimetungwa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Ukikifungua unakutana na Mary, mwanafunzi wa kigeni aliyekwenda kusoma Japani, na maneno ya mwanzo kabisa ni ya chuo: mwaka wa ngapi, unasomea nini, profesa wako nani. Masomo ni 23 katika juzuu mbili, na sarufi imeelezwa vizuri kuliko kitabu kingine chochote cha ngazi hiyo ninachokijua. Lakini imeelezwa kwa Kiingereza, aya kwa aya, na umesema mwenyewe aya ndefu zinakuchosha. Utakuwa unajifunza lugha mbili usiku mmoja baada ya kusimama dukani kutwa nzima. Usikinunue, kiazime. Muulize rafiki yako kama anaweza kukuachia kwa wikiendi pale utakapokwama kwenye jambo la sarufi, usome kurasa mbili unazozihitaji kisha umrudishie. Kama ni toleo la tatu, la 2020, ni bora zaidi, lakini hata la zamani linatosha kwa kazi hiyo.

Irodori kimetungwa kwa mtu anayekwenda kuishi na kufanya kazi Japani, kwa hiyo kinaanza na mambo ambayo mtu wa dukani anayajua: kusalimia, kusema hujaelewa na kuomba urudiwe, kuuliza bei, kuuliza kitu kiko wapi, kusoma kibao. Kila somo lina sauti nyingi, na wasemaji wanazungumza kama watu. Kurasa za maelezo ya sarufi ziko mwishoni mwa somo na ni fupi. Zina Kiingereza, ndiyo, lakini cha kiwango ambacho mwenye C anakimudu. Upungufu wake nao nikuambie: mazoezi ya kukaririsha muundo ni machache. Kinakuonyesha jambo, unalisikia, unasonga mbele. Ukikifuata hivyo tu utafika somo la kumi ukiwa unaelewa na huwezi kusema. Kwa hiyo kwa kila muundo mpya andika sentensi zako mwenyewe, za dukani kwako, kwenye kaunta buku. "Hii ni plagi." "Hiyo si plagi." "Breki ziko wapi?" Ziandike, uzisome kwa sauti, na kesho yake uzisome tena kabla hujafungua ukurasa mpya.

Hapo kwenye "hii" na "hiyo" nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo linapojibiwa swali lako la Kiingereza. Somo la pili la Genki, na pia la Minna no Nihongo, linafundisha kore, sore na are. Msomaji wa Kiingereza anahangaika nalo, kwa sababu lugha yake ina maneno mawili tu ya kuonyesha kitu, na Kijapani kina matatu: kilicho kwangu, kilicho kwako, kilicho mbali nasi sote. Wewe unayo matatu tangu ukiwa mtoto. Kore ni hiki, sore ni hicho, are ni kile. Usome Kiingereza cha nini hapo? Pembeni andika kwa kalamu "hiki, hicho, kile", funga, nenda mbele.

Utayakuta mengi ya namna hiyo. Yule dada wa kwenye gari anasema kadi haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kulipia za Japani, na kifaa chake kinaikumbuka kila gari likiwashwa, hata liwe Kizota. Sentensi yake ina kauli ya kutendwa, jambo ambalo Genki hulifikia somo la 21 na Minna no Nihongo somo la 37, kwa hiyo usishangae kwamba kitabu cha mwanzo hakitakufikisha pale. Lakini tazama sisi tunavyolisema: ha-i-ja-ingiz-w-a. Kukanusha, wakati na kutendwa vimeshikamana kwenye kitenzi kimoja. Kijapani nacho hurundika vipande kwenye kitenzi, chenyewe mwishoni tu. Mtu aliyezoea kunyambua vitenzi hataogopa. Ndiyo maana nakuomba usiache kwa sababu ya Kiingereza. Kiingereza ni mlango wa kitabu hicho tu, na ukishaingia Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani.

Na maelezo kwa Kiswahili yapo pia. NHK World, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ina matangazo ya Kiswahili, na iliandaa masomo 48 mafupi ya Kijapani yenye maelezo kwa Kiswahili, kupitia kisa cha Anna, mwanafunzi kutoka Thailand. Peke yake hayatoshi kukufundisha kusoma na kuandika. Yasikilize ukipika au ukiwa kwenye daladala, kisha jioni urudi Irodori.

Sasa kijitabu cha tatu. Rafiki yako yuko sahihi, na najua kinavyovutia. Sisi tuna irabu tano zilezile za Kijapani na silabi zetu huishia na irabu kama zao, kwa hiyo Mswahili akishika Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za kawaida anakitamka vizuri mno tangu siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba unakitamka kwa mkazo wa Kiswahili. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho kila mara, Wajapani hawafanyi hivyo. Na vijitabu vya aina hiyo mara nyingi huacha irabu ndefu. Wewe unajua tofauti ya kata na kataa. Kwa Wajapani ni hivyohivyo: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, biru ni jengo la ghorofa, biiru ni bia. Mwandishi wa kijitabu akiona uvivu kuandika irabu ya pili, wewe utamwita shangazi wa watu bibi na hutajua kwa nini amenuna. Ukisoma kwa herufi zao urefu unauona kwa macho.

Kwa hiyo kabla ya somo la kwanza la Irodori, jifunze hiragana, herufi za silabi ambazo Mjapani huanza nazo. Za msingi ni 46. Nunua daftari la hesabu la miraba, herufi moja ndani ya mraba mmoja, na usiandike kabla hujaona mpangilio wa mistari, ipi inatangulia na inaelekea wapi. Hiragana ikishakaa, ingia katakana, nayo ni 46 za msingi, na hapo ndipo duka la mjomba litakuwa darasa lako.

Katakana hutumika kwa maneno yaliyotoka nje, na spea karibu zote ni maneno yaliyotoka nje. Chukua boksi la breki pedi. Utaona ブレーキ. Soma polepole: bu, re, halafu kile kistari kirefu kinachovuta irabu, ki. Bureeki. Ni breki. オイル ni oiru, oili. プラグ ni puragu, plagi. フィルター ni firutaa, filta. Wao walilichukua neno la Kiingereza wakalipa irabu mwishoni, sisi tukafanya vilevile, kwa hiyo ukishazijua herufi maana inakuja yenyewe. Herufi zitakazokusumbua ni シ na ツ, halafu ソ na ン. Kwenye boksi lililochakaa zinafanana kabisa. Angalia vile vistari vidogo: kwenye シ na ン vimelala, na mstari mrefu unapandishwa kutoka chini, kwenye ツ na ソ vimesimama, na mstari mrefu unashushwa kutoka juu. Ziandike mpaka mkono uzitofautishe bila kufikiri.

Kanji, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina ambazo kila moja hubeba maana, ziache zije na kitabu. Genki kwa juzuu zote mbili hufundisha 317, na orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina 2,136, kwa hiyo hakuna haraka. Ila kwa kazi yako zipo mbili za kukariri hata leo: 軽油. Ukizikuta kwenye kifuniko cha mafuta maana yake ni dizeli. Gari la petroli mara nyingi litakuwa na katakana, レギュラー kwa petroli ya kawaida au ハイオク kwa ile ya oktani ya juu. Mteja aliyenunua gari juzi atakushukuru kwa hilo.

Kuhusu karatasi ya mnada, nusu yake unaweza kuisoma bila Kijapani. Kwenye ule mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipokwisha kunyooshwa, X ni kipande cha kubadilishwa, na namba inayofuata hueleza ukubwa wa tatizo. Kilichobaki ni maneno ya mkaguzi, na mara nyingi huandikwa kwa mkono, kwa haraka, kwa kanji za kukatakata. Hicho kitakuwa cha mwisho kukifikia, na sitaki ukipime kitabu cha kwanza kwa hicho. Mtu anaweza kumaliza ngazi zote tatu za Irodori na bado mwandiko wa mkaguzi ukamshinda. Jiwekee lengo la kusoma kilichochapwa kwanza.

Sasa huyo wa WhatsApp. Usimpe hata shilingi. Japani ina utaratibu wa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu ulioanza 2019, na ufundi wa magari umo. Anayeomba hufanya mtihani wa ujuzi na mtihani wa lugha, ama JFT-Basic, mtihani wa Kijapani cha msingi wa Japan Foundation, ama N4, ngazi ya pili kutoka chini ya JLPT, mtihani wa kimataifa wa Kijapani. Mitihani hiyo unafanya wewe kwa jina lako. Muuza kitabu hawezi kukufaulisha wala kukuahidi mwajiri. Na jiulize anakuuzia kitabu gani, wakati kile kilichoandaliwa hasa kwa watu wa safari hiyo ni hichohicho Irodori cha bure.

Umeuliza mwenzako wa mazoezi ni nani. Rafiki yako wa UDOM. Anasoma kitabu tofauti, haidhuru, maana mwanzoni vitabu vyote vinapita njia moja: salamu, kujitambulisha, hiki na kile, bei, saa, kwenda na kuja. Kutaneni Jumapili pale Nyerere Square, kila mmoja amuulize mwenzake maswali kutoka kwenye kitabu chake. Na muombe akuulizie chuoni, upande wa lugha za kigeni, kama kuna darasa la Kijapani ambalo mtu wa nje anaruhusiwa kukaa. Ukipata mwalimu hata mara moja kwa wiki, niandikie, kwa sababu hapo jibu langu litabadilika na Minna no Nihongo kitarudi mezani.

Mjomba mwambie kwa heshima kwamba Dodoma na Japani wanajuana zamani. Juma Ikangaa aliyezaliwa Dodoma alishinda marathoni ya Tokyo 1984, akaishinda tena 1986, na mwaka huohuo wa 1986 akachukua ya Fukuoka. Halafu msomee boksi moja mbele ya mteja. Nadhani hilo la pili litamgusa zaidi.

Katika akiba yako toa hela ya vitu vitatu: bando la kupakulia sauti za masomo machache kwa mkupuo, spika za masikioni za bei ya kawaida, na kuprinti somo moja, nyeusi na nyeupe, pande zote mbili za karatasi. Ukimaliza hilo ndipo uprinti la pili. Inayobaki irudishe ulikoitoa, kwa sababu kitabu cha kununua utakihitaji baada ya ngazi ya kwanza, na wakati huo utakuwa unajua mwenyewe unataka kipi.